Ndimu Nne Chini ya Jeep ya Tonton

Katika komini ya Tshopo, upande mmoja wa mji wa Kisangani, kuna watu ambao hawajui kwamba ninaitwa Kavira. Wananijua kwa jina la Pèlerinage, yaani Hija, na wakinipigia kelele sokoni ("Eh, Pèlerinage! Leo unapeleka nani?") huwa najifanya natafuta kitu ndani ya mkoba mpaka niwapite, ingawa mkoba wenyewe hauna kitu. Jina hilo nilijitafutia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo siwezi kumshtaki mtu. Nimekaa na aibu hii karibu mwaka mzima nikisubiri ipoe, haipoi, bora niisimulie mimi kuliko kuendelea kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo (kuna wanaosema nilikuja kanisani na nyoka, hakukuwa na nyoka).

Mimi ni mtu wa maswali. Nilisoma sosholojia hapa hapa Kisangani, na tangu mwaka wa pili nilianza kuuliza kila kitu, kwa nini padri ajue kuliko muumini, kwa nini mganga mwenyewe asiwe tajiri, kwa nini mvua isikie sala za hawa na isisikie za wale, mpaka Tonton Kambale, mdogo wa mama yangu, aliyenilea na kunisomesha, akaacha kuniamsha siku za Jumapili. Tonton ni mfanyabiashara kutoka Butembo, anauza maharagwe na vitunguu kwa jumla, na Ukatoliki wake ni ule wa kupiga magoti kwenye saruji bila kutafuta kitambaa cha kutandika. Hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa anapita tu mbele ya mlango wangu, anakohoa kidogo, anaenda misa peke yake, na kile kikohozi kilinisumbua kuliko mahubiri.

Kazi nilipata Makiso, katikati ya mji, katika duka la Patron Jayesh, Mhindi anayeuza vitenge na masufuria. Mimi nilikuwa naandika barua, napanga stoo, nabishana na watu wa forodha. Mama yake Patron, Mama Kokila, alikuwa anakaa karibu na mlango kwenye kiti cha plastiki, amevaa sari nyeupe ya ujane, na wateja walikuwa wanamsalimia yeye kwanza. Alizaliwa hapa hapa mjini, Kingwana chake, yaani Kiswahili cha huku kwetu, ni kizuri kuliko changu, na Kilingala anatukania vizuri zaidi.

Sasa, marehemu mume wake alikuwa na desturi moja. Kila mji aliofungua duka, kabla hajaingiza hata sufuria moja, alitenga kwanza chumba cha Mungu: anaweka sanamu, taa, kengele, maua. Kwa hiyo mahekalu ya familia yao yalikuwa matatu, moja hapa Makiso juu ya duka, la pili Banalia, la tatu Buta, yote juu ya barabara ile ile inayopanda kaskazini, na maduka ya Banalia na Buta siku hizi yanashikwa na wapwa zake. Msifikirie minara. Ni vyumba. Nilimuuliza siku moja (mnanijua):

"Mama, hii unaiita hekalu? Si ni chumba cha depo?"

"Wewe, Mungu akikuja kwako kukuona, utamuuliza kwanza kama nyumba yake iko na etaji, gorofa juu ya gorofa?"

Mjukuu wake alipozaliwa kabla ya wakati, akawekwa ndani ya sanduku la kioo hospitalini na mirija puani, Mama Kokila aliweka nadhiri: mtoto akipona, atayazunguka mahekalu yote matatu ya mume wake kwa safari moja, na mpaka amalize, hataonja chumvi. Mtoto akapona, akanenepa mpaka mikono yake ikawa na mistari kama mkate. Lakini barabara ya Banalia iliharibika na mvua, halafu Patron akaumwa, halafu hiki, halafu kile, na ikafika miezi saba mama yule anakula wali mweupe na pondu, majani ya mihogo, ambayo haina ladha ya kitu chochote. Siku moja alianguka katikati ya marobota ya vitenge. Daktari akasema, mama huyu ale chumvi. Mama Kokila akasema, atakula akifika Buta. Daktari akamwambia Patron pembeni, nami nikiwa nasikia, kwamba hawezi kumwahidi miezi mingine miwili ya namna ile.

Ndipo Patron akanipa kazi ya kupanga safari. "Mademoiselle Kavira, wewe iko na kichwa. Panga."

Nikapanga. Nilifanya orodha, nikapiga simu Banalia kuulizia madaraja, nikahesabu masaa. Kuhani wao, jamaa wa familia anayekaa huko India, alitafuta siku nzuri kwenye kalenda yake na akaipata: Jumamosi ile, kuondoka na kuvuka daraja la Tshopo, linalotoka mjini kwenda kaskazini, kabla ya saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Siku nyingine nzuri ilikuwa baada ya miezi miwili, katikati ya mvua kubwa, wakati barabara inakuwa uji. Kwa hiyo Jumamosi, au hakuna. Na Mama Kokila alinieleza sheria za kuondoka polepole, kama anayemfundisha mtoto kupika: jeep itaoshwa, itachorwa alama nyekundu mbele kwa unga na mafuta, itavishwa maua, nazi itavunjwa, na chini ya kila tairi itawekwa ndimu moja.

"Ndimu za nini, Mama?"

"Gari ikisogea inazipasua. Zikishapasuka, safari imeanza. Hakuna kurudi kuchukua kitu ulisahau, na mwenye ahadi hashuki mpaka afike mbele ya Mungu anayefuata."

"Na akitaka kukojoa?"

"Binti, wewe jiulize kama utajua kuendesha."

Kilichobaki ni jeep. Gari dogo la Patron lina tumbo chini, lisingefika hata kilomita ishirini, na lori lake huwezi kumpandisha mama wa umri ule. Mtu pekee niliyemjua mwenye jeep ya kuweza barabara ile ni Tonton Kambale, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naiendesha akiwa na mizigo ya karibu. Lakini Tonton, akipita mbele ya duka letu na ubani umewashwa, alikuwa anabana pumzi mpaka kona. Siku moja alisema, "Ile nyumba iko na sanamu mingi." Basi. Kwa sentensi hiyo moja mimi, msomi, mtu wa kutaka ushahidi wa kila kitu, niliamua kwamba nikimuomba jeep ya kwenda kwa miungu ya Wahindi atakataa, na nikalifunga faili.

Jumanne jioni nilimkuta anakula pondu na samaki. Nawaapia, njia nzima nilikuwa nimejizoeza kusema ukweli, hata nilikuwa nimeandaa sentensi ya kwanza. Nikafungua mdomo na kikatoka kitu kingine.

"Tonton, minaomba jeep Jumamosi. Iko bamama fulani, banataka kwenda hija kwa groto, lile pango ya Bikira, njia ya Buta. Balinichagua mimi nibapeleke."

Tonton akaweka kijiko chini.

"Wewe?"

"Ndiyo, Tonton."

"Kwa Bikira?"

"Ndiyo."

Alivua miwani, akaipangusa na shati lake kwa muda mrefu ingawa ilikuwa safi, na alipoongea sauti yake ilikuwa imepungua. "Bon. Mafuta usiweke. Nitaweka mimi."

Usiku huo nilijitetea kichwani kama wakili. Sala ni sala (nilijiambia), mama mzee ni mama mzee, sanamu ya huku na sanamu ya kule zote zimetengenezwa na fundi, kwa hiyo nimebadilisha nini? Jina tu.

Kosa langu la pili ni kusahau kwamba mtu mwenye furaha hakai kimya. Alhamisi, baada ya misa ya jioni, Tonton alisimama wakati wa matangazo akaiambia parokia nzima kwamba mtoto wake Kavira, mnayemjua, anaongoza hija. Ijumaa asubuhi Mama Régine akaingia dukani. Mama Régine ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Bikira katika parokia yetu, mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, sauti yake inasikika ng'ambo ya mto. Alikuwa na begi mkononi.

"Kavira, tunaondoka saa ngapi?"

"Nani, Mama?"

"Bamama ba Bikira! Si unapeleka bamama ba Bikira? Mimi ndio président. Nimeuliza kikundi kizima, hakuna hata moja anajua. Sasa unapeleka nani?"

Mama Kokila alikuwa pale pale kwenye kiti chake, mita mbili, anakunja kitenge. Nilimshika Mama Régine mkono nikamtoa nje hadi kwenye jua, nikamwambia ni akina mama wa parokia nyingine, jeep imejaa, samahani, mara nyingine. Aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye ndala.

"Parokia gani?"

"Ya... kule Mangobo."

"Mangobo iko na parokia mingi, mwana."

Akaenda zake na begi lake. Saa sita Tonton akanipigia simu, sauti imechangamka kama ya kijana: Padri amekubali kuibariki jeep. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, uwanja wa kanisa, kabla hamjavuka daraja la Tshopo. Bamama watakuja kuimba. "Njoo nao wote hapa, tubasindikize vizuri."

Sasa angalieni akili ya mtu aliyesoma. Ningeweza bado kwenda nyumbani na kusema kweli. Badala yake nikachukua kalamu na kupanga. Saa kumi na moja na nusu, jeep iko uani kwa Patron, ibada yao inafanyika. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, ninatoka na jeep peke yangu "kuangalia upepo wa matairi," ninakimbia kanisani, kutoka Makiso ni dakika tano, ninasema wale mama wa Mangobo tutawapitia barabarani, Padri ananyunyiza, ninarudi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini Mama Kokila anapanda, tunavuka daraja ndani ya saa yake. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana. Niliipigia hata mistari kwa rula.

Jumamosi sikula. Kila nilipoangalia saa ya simu ilikuwa imeruka. Mama Kokila alikuwa ameshasali juu, kwenye hekalu la kwanza, na uani Patron alichora ile alama nyekundu kwenye boneti, mafuta yakachuruzika hadi kwenye taa. Maua ya njano yalifungwa kwenye vioo na mbele, mengi, mpaka jeep ya Tonton ikafanana na bibi harusi. Nazi ikapasuka kwa pigo moja. Moshi wa ubani ukaingia hadi kwenye viti, nami nilikuwa nasimama kando nikiwaza jambo moja tu, nitatoaje hayo maua kwa dakika tano, nitaufutaje huo wekundu. Nilikwenda kwenye bomba kulowesha kitambaa. Nilipokuwa pale simu ikalia.

"Kavira, uko wapi? Padri amekwisha vaa."

"Ninakuja, Tonton, ninakuja."

Nilikimbia na kitambaa, nikafuta boneti, wekundu ukasambaa ukawa mkubwa mara mbili na kitambaa kikawa kama cha buchani. Nikaacha. Nikapanda, nikawasha, nikaweka gia.

"Simama!"

Mama Kokila alikuwa mbele ya jeep, hana viatu, ameshika sinia la shaba lenye taa ndogo ya mafuta inayowaka.

"Mama, minaenda kuangalia matairi. Dakika kumi."

"Ndimu ziko chini."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Wakati niko bombani alikuwa ameshaziweka yeye mwenyewe, zote nne.

"Mama, tuzitoe kidogo, tutazirudisha."

"Hazitolewi. Gari ikisogea, safari imeanza. Unataka ianze bila mimi?"

"Mama, ni ndimu tu!"

Nikaona uso wake. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayepima kama mwenzake ni mgonjwa, na nikaona jinsi ngozi ya chini ya macho yake ilivyokuwa ya kijivu. Miezi saba. Simu ikalia tena. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Basi panda, Mama. Panda sasa." Akapanda mbele, sinia mapajani, taa inawaka. Patron alikuwa ameenda juu kufunga chumba cha Mungu, mizigo yote iko kwenye ngazi. Sikumsubiri. Niliachia breki na nikazisikia chini yetu, moja, mbili, tatu, nne, kila moja na kasauti kake, na harufu ya ndimu ikapanda hadi dirishani.

"Jayesh!" Mama Kokila akasema.

"Atatukuta," nikasema. Sikujua atatukuta vipi.

Njiani niliwaza kupita bila kusimama. Kanisa liko juu ya barabara ile ile, ningekanyaga mafuta, ningevuka daraja, ningezima simu, na mambo ya Tonton ningeyakuta Jumatatu. Niliamua hivyo kabisa. Nikakata kona na kuona barabara imejaa. Bamama ba Bikira, pengine sitini, wote na vitenge vya bluu, walikuwa wamesimama katikati ya lami wanaimba na kupiga makofi, mapikipiki yamesimama pande zote yanangoja, na mbele yao Tonton Kambale ndani ya suti yake ya Pasaka, mikono juu, kipaza sauti (mikro) mkononi, akinionyesha niingie uwanjani kama anayeongoza ndege.

"Ni ya nani hii sikukuu?" Mama Kokila akauliza.

Nikaingia.

Mmeshasikia wimbo unavyokufa? Haukatiki mara moja. Mstari wa mbele ulinyamaza kwanza, kwa sababu ndio ulioona, halafu wa pili, na wale wa nyuma kabisa waliendelea kuimba kwa furaha peke yao mpaka mtu akawagusa bega. Padri alikuwa amesimama na ndoo ya maji ya baraka. Mama Régine ndiye aliyesogea kwanza, akainama dirishani.

"Eh! Mama wa magazini ya bitenge! Wewe ndio mama wa Mangobo?"

Nyuma mtu akasema, "Angalia mbele, ni damu." Mwingine, "Ni damu hiyo, ni damu ya kuku." Na sauti ya kijana wa pikipiki, "Bandoki ba kanisa!", yaani wachawi. Watu wakacheka. Mama Kokila aliweka kiganja kuukinga moto wa taa na upepo, akaangalia mbele.

Tonton akafungua mlango wangu. Aliongea polepole, karibu kwa kunong'ona, kwa heshima yangu, asiniaibishe mbele ya watu. Lakini alikuwa ameusahau mikro mkononi, na mikro ulikuwa unawaka.

"Kavira. Ni nini hii?" ikasema spika kubwa iliyokuwa juu ya mlango wa kanisa.

"Tonton, nitakueleza nyumbani."

NYUMBANI, ikasema spika, na mbwa akabweka ng'ambo ya barabara.

"Bamama ba Bikira bako wapi?"

"Habako, Tonton."

"Sielewi."

"Habakukuwa. Nilikudanganya. Ni Mama Kokila, anaenda kwa mahekalu yao, Banalia na Buta. Aliweka ahadi. Nilijua utakataa jeep."

Nikasikia uongo wangu na ukweli wangu vikizunguka uwanja na kurudi, hadi kwenye vibanda vya sokoni, ambako (niliambiwa baadaye) wauza mihogo waliacha kupima ili wasikie vizuri. Tonton aliuangalia mikro. Akauzima. Nilidhani sasa atapiga kelele, na ningemshukuru.

"Ulijua mimi nitakataa," akasema. "Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Mungu iko wapi, unauliza. Padri alisoma wapi, unauliza. Hata mkate, unauliza nani alioka. Mimi tu ndio haukuweza kuniuliza? Labda ningekataa, Kavira. Labda. Lakini ningekataa mimi, na mudomo yangu. Wewe umekataa mahali pangu."

Nikashika usukani, sijui kwa nini, kama mtu atakayeondoka.

Padri alisogea, akaangalia boneti, akaangalia ndoo yake. "Mimi sibariki uongo," akasema. "Mwenye gari aamue." Akaweka ndoo chini. Saa ya simu yangu ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na tano.

Ndipo Mama Kokila akageuka. "Papa," akamwambia Tonton, "huyu mutoto alinidanganya na mimi. Alisema ulikubali. Kama gari ni yako na hautaki, sema. Nitabaki ndani mpaka unifukuze, maana siwezi kushuka, lakini ukinifukuza nitashuka."

"Mama, shuka kwanza, tukupatie chai. Unaonekana kuchoka."

"Siwezi. Nikishuka hapa, imevunjika. Itabidi nianze tena, na siku nzuri iko mbali."

"Ahadi gani, Mama?"

"Mutoto wa mutoto yangu alipona. Sijala chumvi tangu siku ile. Miezi saba."

Akina mama wa mstari wa mbele waliangaliana. Wapishi wote wale, najua walichokuwa wanahesabu: miezi saba ya chakula bila chumvi. Mama Régine akasema taratibu, "Yesu Maria." Tonton alisimama, suti yake imeanza kupata jasho mgongoni, aliyaangalia maua, akauangalia moto wa ile taa ndogo. Mimi nilikuwa naangalia saa. Dakika kumi na nne. Kumi na tatu. Sijawahi kuitaka dakika moja isogee polepole namna ile, na sikuwa hata naamini saa yao.

"Mama," akasema mwishowe, "mimi nikuambie wazi. Mungu yako simujui, na hizi sanamu sizipendi. Lakini mutu aliyeahidi, gari yangu haiwezi kumuzuia."

Nikageuza ufunguo kuwasha, machozi yananitoka. Tonton akanyoosha mkono.

"Shuka."

"Tonton, njia naijua, nimepanga kila..."

"Shuka, Kavira. Nitamupeleka mimi."

Nikashuka. Alivua koti, akaliweka begani mwangu bila kuniangalia, kama anavyoliweka kwenye msumari, akakaa mahali pangu. Mama Régine, ambaye begi lake lilikuwa tayari tangu jana, akafungua mlango wa nyuma. "Mimi nilishafunga mizigo," akasema, "na groto iko njia ile ile." Wakati jeep inatoka uwanjani pikipiki ikaingia kwa kasi, Patron juu yake amekumbatia masanduku mawili, sufuria ya wali imekaa kati yake na dereva, anapiga kelele "Mama! Mama!" Wakamchukua wakitembea, karibu bila kusimama. Jeep ikapanda barabarani, maua yanapepea, ikaelekea darajani. Dakika ilikuwa bado moja.

Na mimi nikabaki katikati ya uwanja na koti la Tonton, mbele ya akina mama sitini wenye vitenge vya bluu walioamka saa kumi kunisindikiza mimi. Hakuna aliyenitukana. Mmoja akaniuliza kwa upole wa kweli, "Sasa wewe hauendi?" Padri akasema, "Kavira, rudisha ndoo sakristia." Niliibeba imejaa, nikajimwagia nusu miguuni, na kutoka kule hadi nyumbani nilitembea na ndala zinazolia. Kabla ya saa nne asubuhi jina la Pèlerinage lilikuwa limeshafika sokoni kabla yangu.

Jumapili jioni Patron alinipigia kutoka Buta. Mama amefika mbele ya Mungu wa tatu. Amekula: pondu, wali, na chumvi, amejitilia mwenyewe kwa vidole, akaonja, akafunga macho, halafu akasema wapwa zake wanapika vibaya. Nilicheka kwenye simu, nilipokata nikalia, kwa sababu safari ile niliipanga mimi, kila daraja, kila kituo, na wa kwanza kumuona anakula alikuwa Tonton, ambaye alikaa (Patron alinieleza) nje ya mlango wa kile chumba, kwenye ngazi, rozari mkononi, mpaka ibada yao ikaisha.

Tonton alirudi Jumanne na matope hadi kwenye paa. Alinisalimia, akala, akalala. Kwa wiki tatu aliongea nami mambo ya nyumbani tu, maji yameletwa, taa imezimika, funga mlango. Kukohoa kule kwa Jumapili mbele ya mlango wangu kuliisha kabisa. Siku moja nikamfuata dukani kwake, kati ya magunia ya vitunguu, nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Bado." Nikamuuliza ni lini. Akasema, "Angalau umeuliza."

Siamini bado. Mama Kokila ananiambia itakuja, namwambia tutaona. Lakini nimeapa jambo moja, na hili sitaki mtu anipangie kalenda yake: sitamjibia tena mtu swali ambalo sijamuuliza. Wiki iliyopita bati la jikoni lilivuja nikahitaji ngazi ya jirani yetu, mzee mmoja mkali ambaye mtaa wote unajua hamwazimi mtu hata kijiko. Nilisimama mlangoni kwake, nikamuomba. Akasema hapana. Nikamshukuru kwa mikono miwili, kwa furaha ya kweli, mpaka mzee wa watu akaogopa akafunga mlango.